Ukoko Ndani ya Turbo

Nyinyi mnaobaki na spana zangu pale garajini Mbugangari ndio mlioniomba niandike. Mlisema Fundi Deo akiondoka ataondoka na kila kitu kichwani. Ni kweli. Kichwa changu kimejaa, ila mgongo ndio umekataa kukibeba. Daktari ameniambia nisilale tena chini ya gari, donc nimekabidhi funguo nikiwa bado na nguvu za kupiga kelele. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno yakipinda, nyoosheni wenyewe. Habari za jinsi nilivyopata kiwanja na nyumba siandiki, hivyo mnaviona mkipita barabarani. Naandika mambo ya mikono.

Kazi niliianza Goma, kwa Mzee Bahati. Garaji lake lilizungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, na humo ndani kulikuwa na magari mengi kuliko nafasi. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, kwa sababu mama alisikia neno “kazi” akafikiri ofisi. Mzee Bahati hakucheka. Alinipa karai la nati zilizojaa grisi na matope, akaniambia nizioshe kwa esanse, yaani petroli, mpaka zing’ae. Nikaosha kutwa nzima. Jioni akanifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nizipange kwa ukubwa, kwa vidole tu. Wenzangu walikuwa wameshalia kwa mtihani huo. Mimi nilizipanga, akazitazama, akasema nirudi kesho na shati jingine. Sijisifu, nasema kilichotokea: hata leo nati ikianguka kwenye nyasi, sauti yake inaniambia ni ya ngapi.

Mzee Bahati alikuwa na desturi mbili ambazo mtaziona katika hadithi hii. Ya kwanza ni alama. Kila kipuri alichofunga alikigonga kwa patasi ndogo, nukta tatu mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki. Alisema mpakani vipuri vina miguu: leo kimefungwa Gisenyi, kesho kinauzwa Goma na mwenyewe anakinunua mara ya pili. Ya pili ni kupanda. Hakufungua boneti kabla ya kupanda gari na kwenda nayo kule inakougulia. Akiletewa lori linalozimika likifika Sake, anakwenda Sake. Wateja walimwona mzee anayependa kutembezwa. Mimi nilimwona fundi.

Niliporudi kwetu Gisenyi, upande wa Rwanda, nilianza na jeki moja, sanduku la bia nililokalia, na kamba niliyoifunga kwenye mkaratusi ili kuinua injini. Nilipasua radieta za malori, nikaziba, zikashika. Nilitengeneza kabureta za watu waliokuwa wamezikatia tamaa. Jina likakua lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mtu akiharibikiwa na gari Rubona, watoto walikuwa wanamwonyesha njia ya kwangu kabla hajauliza.

Ndipo ikaja ile nyekundu.

Ilivuka Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpaka wa Goma na Gisenyi, asubuhi yenye watu wengi, kina mama wamejitwisha unga na vitunguu, nayo inapita katikati yao chini kabisa, kama imechuchumaa. Ilikuwa gari ya michezo, milango miwili, ya zamani, yenye turbo. Taa zake za mbele zilikuwa zile zinazolala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Moja iliinuka, nyingine ikagoma. Basi gari ikaingia Rwanda huku ikiwakonyeza watu wa forodha.

Mwenye kuinunua alikuwa Papa Nadine, mfanyabiashara wa vitenge. Alizaliwa Goma, akahamia kwetu na familia yake, akafungua duka mjini na baa karibu na ziwa. Mtu mnene, mcheshi, mkarimu wa bia na bahili wa esanse. Kuendesha kulimshinda, kwa hiyo alimwajiri dereva, Sudi wa Mbugangari, aliyekuwa zamani akipandisha malori ya bia kutoka Rubona. Sudi alikuwa kijana mtulivu. Mke wake alikuwa anavuka kila siku kuuza samaki Goma, na mama mkwe wake alikuwa upande ule. Nawaambia haya ili mjue kwamba jina la Sudi lilikuwa linakaa nchi mbili.

Papa Nadine alifikiri ameshainunua gari. Nilimwambia siku ile ile kwamba gari ya namna hii, ikizeeka, unaendelea kuinunua kila mwezi. Mipira yote ya hewa na ya maji ilikuwa imekauka, ukiiminya inavunjika kama biskuti. Ukibadilisha mmoja, ule wa jirani unaona wivu, unapasuka. Matairi yake yalikuwa mapana na mafupi, hapa kwetu hakuna, yanatoka Kampala na yanafika kwa wakati wao. Tumbo lilikuwa linasugua kila jiwe la njia ya Goma, sinia ya mafuta nikaichomelea mpaka nikaizoea. Klachi ililiwa na milima. Waya za kompyuta yake zilikuwa zimegugunwa na panya wa Kiswahili, wa Kifaransa na wa Kinyarwanda. Na esanse iliinywa kama wageni wa arusi wanaoambiwa baa ni ya bure.

Hilo la esanse ndilo lililomuuma. Vipuri alilipa huku anacheka, lakini kwenye kituo cha esanse alishuka garini akasimama anaiangalia pampu mpaka imalize.

Wale ambao hamjawahi kufungua turbo, sikilizeni. Ni feni mbili ndogo kwenye fimbo moja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, gari inapata nguvu. Fimbo ile inazunguka kwa kasi kuliko kitu chochote mlichowahi kushika, na inaelea kwenye mafuta membamba ya injini. Mafuta ndiyo yanayoipoza, ndiyo yanayoibeba. Hayo yakikosekana kidogo tu, kwaheri.

Turbo ya kwanza ilikuja tayari imekufa nusu. Gari ilipiga kelele kama filimbi ya mwamuzi, na moshi wa bluu ukawa unafuata nyuma. Nikatafuta nyingine Goma, iliyotumika lakini nzima, nikaishika fimbo yake, haikucheza. Nikaigonga nukta zangu tatu, nikaifunga. Nikaijaribu kutoka garajini mpaka Rubona na kurudi. Kupanda mlima wa Ruhengeri wakati ule hakukuwa jambo la kufanya kwa kujaribu gari tu, barabara ilikuwa haijatulia sawasawa kwa ajili ya vita. Gari ikaondoka kwangu inapumua vizuri kama mtoto aliyelala.

Barabara ikatulia, Papa Nadine akaanza kwenda Kigali kila wiki kufuata mzigo wa vitenge. Wiki chache tu, filimbi ikarudi. Moshi ukarudi.

Sasa hapo akaingia muramu wake, yaani kaka wa mkewe. Alikuwa anakaa pale baa mchana kutwa kama sehemu ya ukuta, na alikuwa anaitaka kazi ya Sudi ingawa hakuisema. Akamwambia Papa Nadine kwamba turbo nzima haifi hivyo. Akasema Sudi anaitoa akiachwa Kigali peke yake na gari, anafunga mbovu, na ile nzuri mke wake anaivusha chini ya samaki. Watu wakacheka kwanza. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu vitu vingi vilikuwa vinavuka chini ya samaki.

Papa Nadine akaja garajini na wote wawili, muramu na Sudi. Sudi alisimama kando, mikono nyuma, macho chini.

“Fundi Deo, ambia mimi ukweli,” akasema Papa Nadine. “Huyu mutu ananiibia ao haniibie?”

Niliifungua turbo mbele yao, nikaigeuza, nikafuta grisi kwa kidole. Nukta tatu zilikuwepo. Nikawaonyesha kwamba ndiyo ile ile niliyoifunga mimi, haijatoka hata siku moja.

Muramu akainama, akatazama, akainuka. Akasema nukta hata yeye anaweza kugonga. Akasema fundi na dereva wakila sahani moja, alama inapatikana tu.

Katika maisha yangu nimetukanwa na wateja wengi, hata na wanajeshi, lakini hilo liliingia. Nilishika nyundo, si kwa kumpiga, nilitaka tu mkono uwe na kitu.

Papa Nadine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Akatoa uamuzi mbele ya watu wote waliokuwa wamesogea kusikiliza: nitengeneze mara hii ya mwisho, na ikifa tena, Sudi anakwenda polisi, na mimi nitapita nyuma yake kueleza. Sudi akasema kwa sauti ndogo kwamba yuko tayari kuapa msikitini. Muramu akamjibu kwamba hata wezi wanajua njia ya msikiti.

Jioni Sudi alirudi peke yake. Akanieleza kwamba habari imeshavuka. Pale mpakani mke wake alikuwa amefunuliwa beseni lake la samaki mbele ya wote, na mmoja akamwuliza leo umebeba turbo ngapi. Mama mkwe amesema binti yake arudi nyumbani mpaka mambo yaeleweke.

“Fundi, dereva wakimuita mwizi hapa, Goma nako wanamufungia mulango,” akaniambia. “Mi sijui kazi ingine. Na bibi yangu sasa analala kwa mama yake.”

Nikamwambia aende alale. Mimi sikulala, nilikuwa na hasira zangu.

Nilichukua turbo mbili zilizokufa, nikatoa kilicho kizima kwenye kila moja. Bushi nikazichongesha upya Goma kwa mtu wa mashine ninayemwamini. Nikaunganisha, nikapata turbo moja inayozunguka kwa pumzi ya mdomo. Kuna mafundi Kigali walisema haiwezekani. Basi niliiona ikizunguka, labda macho yangu hayakuambiwa. Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Katika zile mbovu, ndani ya njia ya mafuta, palikuwa na kitu cheusi kigumu, kimeng’ang’ania chuma. Nikakikwangua kwa msumari. Kilikuwa kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Mafuta hayawi hivyo kwa kutembea. Yanakuwa hivyo kwa kupikwa.

Nilipomkabidhi Papa Nadine gari, nilimwambia kuna sharti. Nataka kupanda. Twende mlimani, yeye, Sudi na mimi, na Sudi aendeshe kama anavyoendesha siku zote, asinifanyie adabu. Papa Nadine akasema kiti cha nyuma cha gari ile ni cha mbuzi. Nikamwambia Mzee Bahati alipanda juu ya mizigo ya mkaa akiwa na umri wa kuwa babu yake Papa Nadine.

Kwa hiyo tukaenda, mimi nimekunjwa nyuma, magoti yamefika masikioni, na mbele yangu shingo ya Papa Nadine. Tukapita Pfunda, mashamba ya chai yakabaki chini, tukapanda mpaka Mukamira, tukageuza bila kuzima, tukarudi kupanda tena kuelekea Bigogwe. Sudi alikuwa anajua kazi. Anabadilisha gia kwa wakati, hasukumi bure, anaheshimu kona. Nikasikiliza turbo: safi. Nikatazama moshi nyuma: hakuna. Nikaanza kufikiri labda muramu ana akili kuliko nilivyodhani.

Tukafika juu, pale ambapo baridi inakugonga na ukungu unakaa barabarani na ng’ombe. Gari ilikuwa imepanda kwa nguvu zake zote. Barabara ikaanza kuteremka kuelekea kwetu. Na hapo, taratibu, bila kutazama, kama mtu anayejikuna sikio, mkono wa Sudi ulikwenda kwenye ufunguo, akazima injini.

Kimya. Gari ikaanza kuteremka yenyewe, unasikia upepo tu na matairi.

Mnajua desturi hiyo. Malori yote ya njia ile yalikuwa yanafanya hivyo, na baba zenu walifanya. Ukifika juu unazima, mlima unakupeleka nyumbani bure. Hakuna mtu anayeitaja, ni sawa na kusema kwamba ulipumua njiani. Ndiyo maana Sudi hakuniambia, na mimi sikuuliza. Kwenye lori la zamani lisilo na turbo hasara yake ni breki na roho yako tu.

Nikamwuliza Sudi nani amemwambia azime.

Aliyejibu ni Papa Nadine, na alijibu kwa furaha, akajigeuza mpaka kiti kikalia. “Ni mimi. Bon, hapa ndiyo napataka faida. Kutoka hapa mpaka chini, esanse haiguswe. Alikuwa anasahau, nikamukaripia mpaka akazoea.”

Nikamwambia Sudi asimamishe kando. Nilitoka kwa shida, miguu imekufa ganzi, nikafungua boneti. Katika ule ukungu mngeiona wenyewe: nyumba ya turbo ilikuwa nyekundu ya giza, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Nikachukua kijiti cha kupimia mafuta, nikadondosha tone juu ya kile chuma. Likachemka, likatoa moshi, likakauka jeusi. Nikamwambia Papa Nadine alitazame. Nikamweleza kwamba injini ikizimwa, pampu ya mafuta inakufa papo hapo, lakini fimbo bado inazunguka na chuma bado ni moto. Mafuta yaliyobaki ndani hayana pa kwenda. Yanaungua palepale, kila wiki ukoko juu ya ukoko, mpaka njia inaziba. Kila alipookoa chupa ya esanse alikuwa anapika turbo.

Aliinama akatazama, kisha akasimama wima. Mikono ameiweka kiunoni. Ng’ombe wakapita na mchungaji akatusalimu, hakuna aliyeitikia.

“Donc mwizi ni mimi,” akasema mwishowe.

Sudi akatazama upande wa ng’ombe. Alikuwa na haki ya kusema mengi, nami ningemsaidia. Aliuliza tu kama awashe.

Nikaweka sheria pale pale, na sheria hiyo ndiyo ninyi mnayoisikia nikiwapigia kelele wateja. Kuteremka, injini iwake. Na ukifika, usizime. Acha injini ingurume polepole ili mafuta yaipoze turbo. Sudi akauliza kwa muda gani. Mimi na saa hatupatani tukiwa kazini, zinaingia grisi. Nikamwambia: ukifika, salimia. Salimia watu wote walioko, kwa namna yetu, habari za nyumbani, za watoto, za ng’ombe, za wazazi waliobaki Goma. Ukimaliza kusalimia, zima.

Hapo sikujua nimefanya nini. Nilifikiri nimetengeneza turbo tu.

Tulipofika kwenye baa, muramu alikuwa kwenye kiti chake na wateja wamejaa kibarazani. Sudi akasimamisha gari, akashuka, akaiacha inanguruma. Akaanza kusalimia, mmoja mmoja. Papa Nadine akabaki amesimama kando ya gari yake. Mtu yule ambaye wote walijua hachezei tone la esanse, gari yake inawaka bila kwenda popote.

Muramu ndiye aliyeuliza, akicheka: “Papa Nadine, leo esanse imekuwa maji ya ziwa? Mbona hamuzime?”

Papa Nadine hakuwa mtu wa kuomba radhi. Sijamsikia akifanya hivyo kabla wala baada. Lakini aliulizwa, na kibaraza kizima kilikuwa kinangoja.

“Hatuzime sababu mi nilikuwa nazimisha kule mulimani,” akasema. “Ile turbo niliikufisha mimi. Sudi hakugusa kitu.”

Akasema hivyo mara moja, akaingia ndani. Kesho yake walikwenda mpakani kupokea mzigo, Sudi akaacha injini inawaka akawasalimia watu wa forodha, na mmoja wao akauliza swali lile lile. Papa Nadine akajibu tena. Sokoni wakauliza, akajibu. Kanisani kwake wakauliza, akajibu, na safari hii mke wake alikuwepo. Kila alipofika mahali gari ilimshtaki, na kila mara alilazimika kumsafisha Sudi kwa kinywa chake. Wiki ilipokwisha, jibu lilikuwa limeshavuka Barrière na kurudi. Mke wa Sudi akarudi nyumbani na beseni lake, halikufunuliwa tena. Muramu akapata kazi Ruhengeri, au alisema ameipata.

Turbo yangu ya kuunganisha ilidumu mpaka gari yenyewe iliposhindwa na mambo mengine. Kutu ilikula sakafu, kompyuta ikasahau kazi yake, na ile taa ikaendelea kukonyeza mpaka mwisho. Papa Nadine aliiuza Bukavu kwa kijana aliyeipenda kwa macho. Nilimwandikia kijana yule sheria ya kusalimia kwenye kipande cha katoni. Sijui kama alikuwa na watu wa kusalimia.

Fimbo ile yenye ukoko bado imening’inia kwenye msumari mlangoni. Msiitupe. Mteja akikuletea gari na ugonjwa aliouchagua mwenyewe, mwonyesheni, kisha mpande naye.

Wiki iliyopita nilishuka Rubona kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nikamkuta Sudi, sasa ana mvi kuliko mimi, anaendesha kipikapu kizee cha kubebea samaki. Alifika, akakiacha kinanguruma, akaanza kuzunguka anasalimia wavuvi, wachuuzi, mpaka mlinzi wa geti. Nikasogea nikaegemea mlango, nikasikiliza ile injini. Nikamwambia, “Sudi, hii haina turbo.”

“Najua, fundi,” akasema, akaendelea kusalimia.